Fito Nne na Nyumba Iliyolala

Asubuhi hiyo niliondoka Voi bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimepakia mkonge kwenye mabehewa kwa miezi minne, na kwangu miezi minne mahali pamoja ilikuwa mingi. Nilikunywa chai ya rangi kwa mama mmoja karibu na stesheni, nikamwachia shuka langu kwa sababu sikutaka kubeba kitu, nikatoka. Kando ya barabara lilisimama lori lenye mabati. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi.

"Makwasinyi. Na wewe?"

"Huko huko."

Akacheka. "Ulikuwa hujui mpaka nilipokuambia. Panda, utanisaidia kushusha."

Nilikaa juu ya mabati, yakipiga kelele kila tulipoingia shimo. Tulipita Marungu, ambako mbuzi walitusimamisha wapendavyo, kisha Mlima Kasigau ukaanza kukua mbele yetu. Kila nilipopanda lori katika miaka ile nililikumbuka la kwanza, lile la kabeji lililonitoa shuleni.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Bura, huko juu ambako asubuhi ukungu ulikuwa unaingia darasani kabla ya wanafunzi. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mfupi, koti lake limetoboka viwikoni, na ubao hakuupenda. Vitabu vilikuwa vichache, watoto watatu kwa kimoja, kwa hiyo alitutoa nje. Siku moja alimwambia kijana mrefu kuliko wote apime uwanja kwa hatua zake, kisha akamwambia mfupi kuliko wote afanye hivyo hivyo. Mmoja akaleta sabini, mwingine mia na tatu.

"Nani mwongo?" Mwalimu akauliza.

Sote tukamnyooshea kidole yule mfupi, naye karibu alie.

"Hakuna mwongo. Kila mtu amepima kwa mguu wake. Sasa nataka mguu mmoja wa darasa zima." Tukakata fimbo moja, tukaanza upya, na safari hii wote wawili wakaleta jibu moja. Tulishangilia kama tumeshinda mpira.

Tulipima mlingoti wa bendera kwa kivuli chake. Tulijaza debe kwa vikombe vya maji mpaka sare zetu zikalowa. Mpaka leo nikiona debe, mkono wangu unataka kikombe. Na siku yangu ya mwisho, ingawa sikujua ni ya mwisho, Mwalimu alikuja na fito nne za urefu mmoja, zimefungwa kwenye kona kwa nyuzi za mkonge.

"Hii ni nini?"

"Mraba, Mwalimu!"

Akaisukuma kidogo kwa kidole, ikainama. "Na sasa?"

Mtu nyuma akasema, "Imelala, Mwalimu," darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Kweli, imelala. Kuna ufito uliorefuka? Kuna uliofupika? Basi kesho mniambie: mtu mwenye kamba tu, bila chombo kingine, atajuaje kama umbo lake limesimama au limelala?"

Kesho hiyo mimi sikuwepo. Hakuna aliyenifukuza. Nilikutana tu na lori la kabeji njiani, nikataka kuona barabara inaishia wapi, nikiamini nitarudi kabla ya kengele ya mchana. Barabara iliishia Voi, na Voi kulikuwa na treni. Jibu la Mwalimu sikulisikia. Nililibeba swali lake kutoka mji hadi mji, na kila nilipolishika lilinishinda.

Mabati tuliyobeba siku hiyo yalikuwa ya mama mmoja mjane wa Makwasinyi, aliyeyangojea misimu miwili ya mavuno. Nyumba yake ya zamani, msonge wa nyasi, ilikuwa imeoza juu, na alinionyesha vyungu alivyovipanga ndani kukinga maji. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa mlimani. Nyumba mpya ilikuwa ya pembe nne, nguzo zimesimama na boriti ziko juu, ikisubiri mabati na udongo. Aliyeijenga ni shemeji yake, ndugu wa marehemu, fundi wa misonge aliyeheshimiwa. Kwa msonge alikuwa anapiga kigingi katikati, anafunga kamba, anazunguka, na nyumba inatoka duara kama sahani. Hii ilikuwa ya kwanza ya pembe nne kupita mikononi mwake.

Tulipandisha mabati, tukayapanga sambamba na boriti ya mbele. Kule nyuma, upande mmoja yakatokeza nje ya nguzo. Upande wa pili pakabaki wazi, pengo la kuingiza ndama.

"Mabati haya yamekatwa vibaya," akasema fundi.

"Yote kumi yamekosea, shemeji," mama akasema, "na wewe peke yako umepata?"

"Nimepima kila upande kwa kamba, mara mbili! Wa mbele na wa nyuma sawa, wa kulia na wa kushoto sawa. Yarudi Voi na lori hili, utafute mengine."

Dereva alikuwa akimalizia uji wake kando ya gari. "Mniambie mapema," akasema. "Mvua ikinikuta bondeni, mabati na mimi tutalala huko."

Mama alikaa juu ya gogo akaangalia mlima. Yakienda leo, yangerudi lini? Nikaangalia nguzo zile, na ghafla nikasikia lile darasa likicheka: imelala, Mwalimu.

"Mama," nikasema, "nyumba imelala."

Fundi akageuka. "Na wewe mpakuzi, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Basi tumngoje wa saba."

Dereva alicheka hadi uji ukampalia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuokota vijiti vinne, nikavikata sawa, nikavifunga kwa uzi wa mkonge. Vilikuwa vinainamainama mkononi, kwa hiyo nikafunga uzi mmoja zaidi kutoka kona hadi kona ya mkabala, ili visimame nikimwonyesha. Nikasukuma. Uzi ule ukalegea. Nikasukuma upande wa pili, ukakazika mpaka ukataka kukatika.

Nikabaki nimeuangalia. Vijiti havikubadilika hata kimoja. Kilichobadilika ni safari ya kona hadi kona. Jibu la Mwalimu lilikuwa hilo, nami nilikuwa nimechelewa miaka kumi.

"Fundi, nipe kamba yako. Tupime kona kwa kona, mara mbili, hivi na hivi."

Alinipa kwa dharau. Tulivuta kutoka kona ya mlango hadi kona ya nyuma, nikafunga fundo. Tukavuta kwenye kona mbili zilizobaki, na fundo likapita nguzo kwa urefu wa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Fundi akaninyang'anya kamba, akapima mwenyewe. Akapima tena. Kisha akavichukua vijiti vyangu, akavilaza na kuvisimamisha, akavilaza na kuvisimamisha. Mama alikuwa amesimama.

"Msonge," hatimaye akasema fundi, "hauna kona za kumsengenya mtu." Akamgeukia dereva. "Nenda zako. Mabati yanabaki."

Lori likaondoka bila mabati na bila mimi. Tulishusha mabati na boriti, tukafukua nguzo tano za safu ya nyuma, tukazisogeza. Fundi alishindilia udongo kwa hasira ya kujilaumu, mama akishika kamba. Jua lilipokaribia mlima, fundo lilifika kwenye nguzo hivi, na likafika kwenye nguzo hivi. Mama alicheka peke yake. Ulibaki muda wa kugongomea mabati matatu tu kabla ya giza, nayo yakakaa kimya mahali pao.

"Utalala wapi wewe?" mama akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Msonge wangu umejaa vyungu. Lakini kona moja ya huku ina paa." Akaleta mkeka na gunia la kujifunika. "Lala humu wewe kwanza, utuambie kama inavuja."

Fundi alinirushia kamba yake kabla ya kwenda kwake. "Nataka kuweka ukuta katikati, viwe vyumba viwili. Kesho asubuhi, kabla hujatoroka, uniambie ukuta huo nao tutaupimaje usilale."

Kesho hiyo nilikuwepo.