Kile Ninachokupa

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kunyoosha, ambako mvuke ulipanda hadi kope zikalowa. Mashuka yalikuja kwa magunia yamejikunyata, yakaondoka yamelala kona kwa kona kama vitabu. Alipostaafu, viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi cha kuweza kuipua sufuria bila kitambaa, na mjukuu wake alimtazama akidhani ni mazingaombwe.

Mume wake alikuwa karani wa mizani, pale malori yanapopimwa kabla ya kuingia barabara kuu. Watu wakamwita Mzee Mizani. Kazini alikuwa mtu wa haki. Dereva angelia hadi kamasi zimtoke, lakini mzigo ukizidi umezidi. Nyumbani hakuwa mlevi, hakuwa mkali, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Majirani walipokaa kibarazani kuwasema waume zao, Mama Pasi hakuwa na la kuchangia. Alikaa anatabasamu, huku akijiuliza mbona basi kifua kinamjaa.

Kilichomjaza kifua ni jambo dogo, dogo kiasi kwamba angelisimulia angechekwa.

Lilianza binti yao alipokuwa na miaka mitano. Siku ya Krismasi alirudi mbio kutoka kwa jirani, ambako alikuwa ameona baba wa nyumba ile akimpa mkewe kiboksi chenye utepe. Akaenda kusimama mbele ya kiti cha babake.

"Baba, wewe mama umempa nini?"

Mzee Mizani, wakati huo kijana mwenye sharubu, alimtazama mtoto, akatazama dari, akajikuna goti. Mama Pasi akamwonea huruma. Aliingia chumbani, akachomoa chini ya godoro kitambaa cha kichwa alichokuwa amejinunulia mwenyewe wiki ile, akarudi nacho kakishika juu.

"Amenipa hiki. Alinipa alfajiri, wewe ulikuwa umelala."

Mtoto akapiga makofi. Mzee naye akapiga makofi.

Mwaka uliofuata Mama Pasi hakutaka kushtukizwa. Alinunua hereni, akazifunga, akazitia kwenye mfuko wa koti la mumewe la kutokea, akamnong'oneza kwamba mfukoni mna kitu. Mwaka wa tatu hakumnong'oneza tena, mkono wa mzee ulishaijua njia. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Karatasi za kufungia alizitunza. Kila Desemba alizipitisha pasi ya vuguvugu zikarudi kama mpya, kisha akazikunja kwa mkono ule ule wa mashuka ya wodini: pembe mbili ndani, ya tatu juu yake, imebanwa hadi ukucha usipite.

Ndivyo mtoto alivyokua akijua kwamba babake ana jicho la kuchagua. "Baba hakosei," alikuwa akiwaambia wenzake shuleni, kazini, na hata siku ya harusi yake alisimama na kipaza sauti akasema anachomwomba Mungu ni mume kama baba. Watu wakashangilia. Mama Pasi naye alishangilia, nini tena angefanya.

Mume aliyempata alikuwa fundi bomba, mtu mpole wa maneno machache na vidole vilivyochubuka. Zawadi zake zilikuwa vitu vya kazi. Mwaka mmoja mwavuli, mwaka mwingine taa ya kuchaji, mwaka mwingine beseni lenye kifuniko kwa kuwa mkewe alilalamika vumbi. Na kila mwaka, mbele ya wote, binti alimnyooshea babake mkono akimwambia mumewe, "Jifunze kwa huyu, wewe. Jifunze." Fundi akacheka na wenzake, lakini macho hayakucheka.

Mwaka huu, mwishoni mwa Novemba, Fundi alikuja kuziba bomba lililokuwa linavuja chini ya sinki la mama mkwe wake. Alilala chali, nusu mwili ndani ya kabati.

"Nipe hiyo spana ndogo, mama."

Alimpa. "Mwenzako hajambo?"

"Hajambo. Ila ameshasema." Sauti ilitoka kule chini kama ya mtu aliye kisimani. "Mwaka huu nikimletea takataka tena, Januari anarudi hapa kwenu na mtoto. Anasema kuishi na mtu asiyekuona ni sawa na kuishi na kabati."

"Hizo ni hasira tu."

"Hasira za miaka saba, mama? Hizo zimeshahamia na vyombo vyao." Akakaza nati. "Mama, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Zile kona. Mzee akikupa zawadi, mimi huwa natazama karatasi. Kisha tukilala hapa, natazama shuka. Mkono ni mmoja."

Mama Pasi alichukua sahani iliyokwisha kukauka akaanza kuifuta.

"Sijamwambia mtu, wala sitamwambia," alisema Fundi kutoka kule ndani. "Nimekwambia wewe nisije nikapasuka."

Jioni ile Mama Pasi alimkuta mumewe karibu na redio, miguu juu ya kigoda. Alikuwa ameyapanga maneno tangu mchana, lakini yalipotoka yalikuwa machache.

"Mzee, mwaka huu ile zawadi yangu utaitafuta mwenyewe."

"Ipi?"

"Ya Krismasi. Mimi sitaweka kitu mfukoni."

"Haya," alisema, akaongeza sauti ya redio kidogo. Taarifa ya habari ilikuwa inaanza.

Wiki zilizofuata Mama Pasi alikuwa mtu wa ajabu hata kwake mwenyewe. Mwanamke wa miaka sitini na moja, magoti yanalia akipanda ngazi, lakini mume akitoka kidogo moyo unamdunda kama wa msichana. Siku moja mzee alikawia, akarudi na mfuko wa kaki. Mama Pasi akajitia ana kazi jikoni ili mwenzake apate nafasi ya kuuficha. Baadaye aliukuta mezani, wazi kabisa: betri za redio na balbu mbili. Siku nyingine walikuwa wakitoka kanisani kwa miguu, mzee akasimama mbele ya duka la nguo, akakikodolea macho kioo. Mama Pasi akapunguza mwendo, akageuza uso upande wa pili asimharibie. Alipotupa jicho, mzee alikuwa anajitazama kiooni, anajiweka kola sawa.

Hakutaka kitu kikubwa. Hata kitana kingetosha. Hata kipande cha sabuni, mradi mkono wa mzee uwe ndio ulioinyanyua dukani, na kichwa chake kiwe kimesema, hii ni ya yule.

Krismasi ikafika. Binti alikuja na gauni jipya, Fundi na shati lililombana shingo, mtoto wao wa kike wa miaka sita akiwa amebeba kadi aliyoichora mwenyewe. Walikula wakashiba. Kitambaa cha meza kilikuwa kimenyooshwa hadi mtu akaona aibu kukidondoshea mchuzi. Kisha ukafika ule wakati, na Mzee Mizani akaenda chumbani kuvaa koti. Hakurudi sebuleni. Alitokea jikoni, ambako mkewe alikuwa akipanga vikombe kwenye trei, akafunga mlango nyuma yake.

"Kiko wapi?" alinong'ona.

"Kipi?"

"Kile ninachokupa."

Hakuwa anatania. Alikuwa na uso ule ule anaokuwa nao anapoulizia miwani.

"Nilikwambia mwaka huu utakitafuta mwenyewe."

"Nilidhani ulikuwa umekasirika tu siku ile."

"Sikukasirika."

"Sasa watoto wako pale wanasubiri. Leta hata kitu cha zamani tukifunge upya. Hawatakumbuka."

"Watakumbuka, mzee. Wao ndio wanaokumbuka."

Mzee akajipapasa mfuko, akatoka. Mama Pasi alimfuata na trei.

"Babu, zamu yako," alisema mjukuu.

"Mimi nilikuwa tayari," alisema Mzee Mizani, akijiweka vizuri kitini. "Lakini mwaka huu bibi yako amekataa. Anasema umri umekwenda, mambo ya karatasi na utepe tuwaachie vijana." Aliyasema kwa ule utulivu wake wa mizanini, bila kumeza mate.

"Mama naye," alisema binti. "Si ungepokea tu? Wenzio wanakililia hicho unachokikataa." Akamgeukia mumewe. "Haya, na wewe lete balaa lako."

Fundi akatoa mfuko chini ya kiti. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi laini, bapa, soli nene, rangi ya udongo. Mkewe anauza dawa kwenye duka la dawa, anasimama kutoka asubuhi hadi jioni, na kila siku akirudi anaweka miguu kwenye maji ya chumvi.

"Viatu vya bibi anayekwenda kliniki," alisema binti, akavining'iniza kwa kidole kimoja. "Baba, hebu mfundishe huyu. Mwambie wewe unafanyaje."

Mzee Mizani akakohoa kidogo, kama mtu aliyeombwa neno kwenye mkutano. "Mwanamke unamtazama, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Unatazama kitu anachokipenda, unakaa nacho kichwani. Basi."

Mama Pasi aliweka trei mezani.

"Mzee, mimi napenda nini?"

"Ah, wewe nawe."

"Nakuuliza tu. Napenda nini?"

Mzee alicheka, akatazama watu, akaona hakuna anayecheka naye. "Si unapenda… vitu vizuri," alisema.

"Tangu kitambaa cha kwanza," Mama Pasi alisema, na hakumtazama mzee, alimtazama bintiye, "vyote nilinunua mimi. Hereni, saa, ile shali. Nilinunua, nikafunga, nikamtilia baba yako mfukoni. Mwaka huu sikutia. Ndiyo maana hakuna."

Mtoto alimtazama kila mkubwa kwa zamu.

"Baba?" alisema binti.

"Sasa tofauti yake nini?" alisema Mzee Mizani. "Vyote vimetoka nyumba hii hii. Mama yako kavaa, wewe umefurahi. Nani kaumia?"

"Yaishe, mzee," alisema Fundi. "Ni sikukuu."

Binti akageuka taratibu. "Wewe mbona hushangai?"

Fundi akalegeza kola iliyombana.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka yote nakusema mbele za watu, nakulinganisha na kitu ambacho hakipo, na wewe umekaa tu unanitazama ninavyojichoresha?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yako…"

"Na mama anajua kwamba unajua. Tazama, hata yeye hashangai." Aliwatazama wote wawili. "Kumbe mjinga wa nyumba hii ni mimi."

"Mwanangu," alisema Mama Pasi, "nimesema ili umwachie mwenzako nafasi. Huyu ameiona miguu yako. Unajua ni kitu gani hicho, mtu kukuona miguu?"

"Ungesema nikiwa na miaka ishirini, mama. Kabla sijatafuta mtu wa kumpima kwa uongo wenu."

Neno hilo lilimfika Mama Pasi. Lilikuwa kweli. Alidhani miaka yote hiyo anamfunika mume, kumbe alikuwa anamfundisha mtoto.

Binti akamshika mwanawe mkono, akachukua pochi yake, akatoka bila kuaga. Fundi alikusanya viatu, akavirudisha mfukoni kimoja kimoja. Mlangoni alimwinamia mama mkwe wake.

"Asante, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ila sijui kama umenisaidia."

Wakabaki wawili. Mzee Mizani alivua koti, akalitundika, akakaa. "Umefurahi?" aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Pasi, akaanza kutoa vyombo.

Kabla giza halijaingia simu ya mzee iliita, akatoka nayo kibarazani. Hakupenda kuiweka simu sikioni, akisema inachoma, kwa hiyo aliongea nayo kaishika mbele ya kidevu, sauti juu kabisa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Pole, baba," ilisema sauti ya binti. "Umetiwa aibu bure."

"Mama yako ndivyo alivyo," alisema mzee. "Mimi nimezoea."

"Nitakuja kesho kutwa kukuona wewe. Tukae hapo hapo nje. Mama sitaki kuongea naye kwa sasa, usimwambie hata kwamba nimepiga."

"Haya, mwanangu."

Simu ikakatwa. Mzee Mizani alibaki kibarazani kidogo, kisha nyayo zake zikasikika, na akatokea mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo si kawaida yake kusimama. Alimtazama mkewe mgongoni.

"Binti yako anakusalimia," alisema. "Anasema chakula kilikuwa kizuri."

Mikono ya Mama Pasi ilitulia ndani ya maji. Simu ile alikuwa ameisikia yote, neno kwa neno, na salamu haikuwamo. Mtu huyu alikuwa ameitunga mwenyewe, njiani, kutoka kibarazani hadi mlangoni, bila kutiliwa mfukoni na yeyote. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na hicho ndicho kitu cha kwanza alichomletea kilichotoka kichwani mwake. Nacho kilikuwa uongo.

"Nawe umsalimie," alisema, akaendelea kuosha.