Siku Niliyomlilia Mume Wangu Mbele ya Kamera

Nianze na aibu yenyewe ili mnaotaka kucheka mcheke mapema: nilimlilia mume wangu aliye hai, nikagaagaa kwenye vumbi mbele ya majirani, mama mkwe na kamera ya watu wa Dar, na katika umati wote ule mimi ndiye niliyejua toka asubuhi kwamba hakuna aliyekufa.

Chanzo ni mdomo wangu. Alikuja hapa Mwanza muongozaji mmoja, Kaka Edo, anatafuta sehemu ya kupigia tamthilia, na kila alipokaa alikuwa anasema mawe yetu mazuri, ziwa zuri, ila kazi ya filamu haiwezi kufanyika huku kwa sababu watu wakiona kamera wanajazana na kupunga mikono. Akasema atajaribu siku moja tu, ikiharibika anarudisha tamthilia yake Dar. Sasa mimi mji wangu ukisemwa vibaya mbele yangu siwezi kunyamaza (hata mawifi zangu wanalijua hilo), nikamwambia njoo kwangu Mkolani, ukipanda jiwe la nyuma ya nyumba unaliona ziwa, na mtaa wetu una watu wastaarabu.

Akakubali, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu. Nikamuuliza, hata Mama Joha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta? Akasema, "Dada, ukimwambia mmoja umeuambia mtaa." Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, maana kipande chenyewe walichokuja kupiga kilikuwa cha msiba.

Siku walipokuja, mume wangu, Baba Minza, alishaondoka kwenda Mkuyuni kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti, anajua tu kuna wageni wa kamera. Wakamlaza muigizaji sebuleni kwangu kwenye mkeka, wakamfunika shuka, dada mmoja akakaa tayari kulia. Minza wangu naye, anaota meno, akaanza kulia kabla yake. Kaka Edo akanitazama jicho moja tu, nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda zangu kumzungusha barabarani mpaka alale.

Kumbe yule dada ana kipaji. Alilia, mtaa mzima ukasikia kilio kinatoka kwa Mama Minza, na huku kwetu kilio hakiulizwi. Mama Joha akachungulia mlangoni, akaona mwanaume amefunikwa shuka, akatoka mbio bila kufunua kwa heshima ya marehemu. Wakampigia simu Baba Minza kuhakikisha, haipatikani, wakaamini ni yeye. Wakampigia mama yake anayekaa Kiseke.

Mimi narudi taratibu na mtoto kalala, nakuta turubai limefungwa, wanaume wanaburuza magogo ya kuwashia moto, wanawake wamefika na ndoo za maji na unga, kanga vichwani. Mtasema, si ulijua ni filamu? Nilijua, mpaka nilipomwona mama mkwe yuko chini, miguu peku, analia. Mama mkwe wangu halii ovyo, hata mzee wake alipofariki alilia kwa mpango. Halafu Mama Joha akanikumbatia akamtoa mtoto mgongoni, akaniambia, "Jikaze Mama Minza, simu ya Baba Minza tumepiga haipatikani."

Basi akili ikanihama. Nikaona kabisa kwamba umeme wa karakana umemchukua mume wangu wakati mimi nahangaika na filamu za watu. Nikajitupa chini na kulia, na sikulia kimya, nililia na maneno, "Baba Minza, unaniachia nani? Nani atanifulia nepi? Nani atanisongea ugali nikichoka?" Mbele ya mama yake mzazi. Mbele ya wanaume wa mtaa waliokuwa wanamwona ni simba.

Nikasikia sauti nyuma yangu, "Mama Minza, nani amekufa?"

Alikuwa amesimama na miwani yake ya kuchomelea kichwani, dereva wa bodaboda aliyesikia tu kwamba kwake kuna msiba alikuwa amemfuata kazini kumpa pole. Wanaume waliokuwa wanaburuza magogo wakayaachia. Mama mkwe aliinuka akampapasa mwanawe uso, mabega, mikono.

Wa kwanza kusema ni Kaka Edo, alikuwa ametoka ndani kashika kiuno. "Ndiyo maana kazi hizi hazitoki Dar."

Hasira niliyopata siku ile sijawahi kuipata, hata labour nikimzaa Minza. Niliinuka na vumbi langu, nikamwambia, "Wewe ulisema watu wetu wanapungia kamera. Haya, nani hapa ameitazama kamera yako? Wamekuja kunizikia mume. Huko kwenu ningelia hivi, nani angeniletea unga?"

Mpiga picha wake, ambaye hakuzima kamera hata kidogo, akamwita pembeni amwonyeshe. Kaka Edo akatazama muda mrefu, akarudi kapoa kabisa, anasema tamthilia itapigwa hapahapa, anaomba tu wakina mama warudie kulia vilevile.

Wakina mama wote wakamgeukia mama mkwe. Akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mwanangu hafi tena kwenye mkeka ule. Mkitaka tulie, huyo marehemu awe mtu wa Dar."

Wakabadilisha hadithi. Wakalia, unga ukasongwa, na Kaka Edo mwenyewe akala akaongeza, na mtakapoitazama tamthilia hiyo mjue kile kilio ni cha Mkolani, hakuna wa kutufundisha. Ila kwangu kamera haitaingia tena mpaka nimepita kugonga kila mlango wa mtaa. Na Baba Minza bado anafua nepi, isipokuwa siku hizi anazifulia ndani, pazia limeshushwa.