Jibu la Heshima

Mwaka ule shaba ilipokosa wanunuzi, wazungu wa mgodi waliamua kupunguza watu Élisabethville. Mwenye kwao kwingine angerudishwa huko kwa treni. Mwenyeji angebaki na kazi na nyumba yake kambini. Lakini wafanyakazi hawakuambiwa hilo. Mimi na dada zangu tulizaliwa kambini. Hatukujua kwingine.

Jumapili, baada ya misa, kapita, msimamizi wa kambi, alikuja kula kwetu. Alikuwa baba yangu wa ubatizo, tena ametoka kijiji kimoja na babu yangu, kule Rhodesia. Alimaliza bukari, ugali wetu wa huko, akanawa, akamwambia baba: “Kesho bakikuuliza kwenu ni wapi, utaje kwa nkambo, kwa babu yako. Muntu wa eshima hakatae kwabo. Bazungu banapenda vile.”

Kwa wazee wetu swali hilo halikuwa na jibu lingine. Ukiulizwa kwenu, hukutaja unapolala. Ulitaja walipozikwa wakubwa wako, hata kama hujawahi kupakanyaga. Kutaja kambi kulikuwa ni kujifanya mtoto asiye na baba.

Basi kesho yake, mbele ya mzungu, baba alijibu kwa heshima zote, kifua mbele, akataja kijiji ambacho hakukiona hata siku moja. Mzungu akamwelekeza upande wa wanaoondoka. Kisha akaulizwa kapita.

“Miye? Kwetu ni hapa, bwana. Sina kwingine.”

Baba alicheka. Maskini, alidhani mwenzake anatania! Kapita hakucheka. Alipelekwa upande wa wanaobaki, akasimama huko akitazama viatu vyake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu alikuwa mezani, na nyama tulimchagulia sisi. Nimezeeka sasa, na bado namchukia.

Mama ndiye aliyekataa kuamini. “Anabaki juu ya kututetea,” alisema akifunga mizigo. “Iko baba ya batizo ya mutoto wetu.”

Siku ya safari kapita alitubebea kikapu mpaka njiani, akanichora msalaba kwenye paji la uso. Nikageuka. Mke wake alikuwa ndani ya nyumba yetu na ufagio, na kaka yake huyo mke amekaa kizingitini na mkeka wake umekunjwa.

Nyumba ya msafiri haifagiliwi siku anayoondoka. Ukiifagia, umefagia na kurudi kwake. Kila mwanamke kambini alilijua hilo.

Mama alitua mzigo. “Ungengoja ata tupande treni, mama.”

Yule mwanamke hakuinua kichwa. Aliendelea kufagia.