Majibu ya Hisabati Kando ya Kisima

Nyumba ninayopanga hapa Geita imepakana na shule ya msingi. Kila Septemba, siku ya mtihani wa darasa la saba, huondoka mapema kwenda dukani kwangu, na nikichelewa hufunga madirisha yote ya upande wa shule, liwe joto lisiwe joto. Mpangaji mwenzangu ananicheka kwamba naogopa watoto. Watoto hawanisumbui. Kinachonisumbua ni ile sauti wanayotoka nayo baada ya Hisabati: "Wewe la tano umeweka nini?" Nikiisikia, kazi iliyoko mkononi inaniharibikia.

Mimi nilisoma kijijini, upande wa Masumbwe. Dawati moja nilikaa na msichana aliyetushinda wote kwa Hisabati, wavulana wakiwemo, na nasema hivyo bila wivu. Wivu niliumaliza darasa la nne. Mwalimu akiandika jibu ubaoni alikuwa anageuka kwanza kumtazama yeye. Ndiye aliyenifundisha MAGAZIJUTO mpaka nikaiota usiku: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Baada ya kila jaribio tulimzunguka kando ya kisima cha shule, na aliyetofautiana naye alijua amekosa. Tulijidanganya kwamba tunalinganisha majibu, kumbe tulikuwa tunakwenda kusahihishiwa.

Siku ya mtihani wenyewe msimamizi alikusanya karatasi zote, za maswali na za majibu, tukatoka na kile tu tulichobeba kichwani. Tulikimbilia kisimani kama kawaida. Yeye alikuja wa mwisho. Alikunywa maji ya pampu kwa muda mrefu, akaketi, akafunika magoti kwa sketi.

Nilianza mimi, na swali la kupewa, ili nionekane. Sita kujumlisha nne mara tano.

"Nimepata ishirini na sita," nikasema.

"Mimi nimeweka hamsini."

Tukatazamana. Hamsini ndiyo anayoipata mtu anayeparamia kutoka kushoto, asiyewahi kusikia kwamba kuzidisha kunatangulia. Mvulana mmoja akajikaza. "Lakini MAGAZIJUTO..."

"Nimekwambia nilichoweka," akasema, bila hasira.

Tukaja kwenye kigawe kidogo cha shirika cha kumi na mbili na kumi na nane. Mimi nilikuwa na thelathini na sita. Yeye alikuwa ameweka sita. Tukaenda hivyo, swali baada ya swali, na kila mahali nilipokuwa na uhakika yeye alikuwa na jibu jingine. Hatukumshuku hata kidogo. Tulijishuku wenyewe. Wasichana wawili walianza kulia. Wavulana waliokwisha kusema wanakwenda machimboni, matokeo yawe vyovyote, walikuwa wakicheka, nao wakanyamaza. Leo naona wazi kwamba hakusema hata mara moja, "Jibu ni hili." Alisema tu alichoweka.

Tulipofika swali la mwisho alibadilika. Lilikuwa la mraba wenye upande wa sentimita kumi na nne, ndani yake duara linalogusa pande zote, tutafute eneo la sehemu iliyo nje ya duara. Aliokota kijiti akachora mavumbini, polepole, akafuta upande mmoja uliopinda akauchora upya. Sauti yake ikarudi ile ya siku zote. "Mraba, mia moja tisini na sita. Duara, mia moja hamsini na nne. Toa. Inabaki arobaini na mbili." Akatia kivuli zile pembe nne kwa ncha ya kidole, moja moja.

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja alikuwa na msiba wake. Akapangusa kidole kwenye sketi akaondoka peke yake, ingawa njia yetu ilikuwa moja.

Nililia mpaka nyumbani. Mama aliniambia maji yakimwagika hayazoleki, nikachambue mboga. Kesho yake asubuhi, tukienda kwenye karatasi zilizobaki, ng'ombe walikuwa wameshakanyaga pale kisimani, lakini pembe moja ya mchoro ilikuwa bado ipo. Niliiruka. Sijui kwa nini sikutaka kuikanyaga.

Matokeo yalipokuja, nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu mkuu alisoma majina mpaka mwisho, kisha akaigeuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna mengine. Jina la rafiki yangu halikuwepo. Wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikaanza kupiga hesabu. Kama ishirini na sita ilikuwa sahihi, basi hamsini lilikuwa kosa, na yule hakuwa mtu wa kukosa hesabu ile hata akiwa usingizini. Bibi yangu hakushangaa. "Wapo wanaoambiwa wafeli, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Ng'ombe wa mahari hawaji kwa binti aliyeko bweni."

Nilipokuwa nakwenda shule na godoro langu nilimkuta rafiki yangu anafagia uwanja wa kwao. Alinipungia kwa ufagio. Ng'ombe walikuwa wameshafika.

Miaka yote ya sekondari nilikokotoa kwa hofu. Napata jibu, nalihakiki, kisha namsikia kando yangu: "Mimi nimeweka hamsini." Mkono unasita. Hisabati niliiacha mara tu nilipopata ruhusa, na sijawahi kuijutia, ila sauti haikuachana nami.

Mwaka jana nilikwenda mnadani Masumbwe kutafuta mchele.

"Mwadila, mayu," mtu akanisalimia kikwetu kabla sijamtazama vizuri. "Mjini panakunenepesha."

Alikuwa yeye, mtoto mgongoni, magunia mbele yake. Akaniketisha. Tukaulizana habari za wazazi, za watoto, za mvua. Nilizunguka weee, mwisho nikauliza lililonikaa kooni: walimwambia afeli?

"Baba alisema nikichaguliwa, mama atarudi kwao." Alisema kama anayetaja bei ya mchele. "Mama hakusema kitu. Asubuhi ile mama alinipa uji akaniangalia nikinywa."

"Kwa hiyo uliweka chochote tu."

Hapo akakunja uso, kama nimemtukana. "Ningeweka chochote, mengine ningeyapata. Nilikokotoa yote. Nikipata B, nasiliba kiduara cha C. Nikipata C, nasiliba D. Ilibidi nijue kwanza, ndipo nikose."

Nilitazama chini. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani, maana baba yake alishafariki.

"Na lile la mraba na duara?"

Akamvuta mtoto juu mgongoni, akakaza kanga. "Yale ya mwisho hayakuwa na herufi, unakokotoa mwenyewe. Mengine niliyavuruga. Lile nilishindwa kuliharibu. Lilikuwa zuri mno."

Mteja alikuja akashika mchele, akaunusa. Rafiki yangu hakumgeukia bado. Aliniinamia na kusema kwa sauti ndogo, "Lakini ilikuwa arobaini na mbili? Siku ile mlikuwa mnalia, hakuna aliyenijibu."

"Ilikuwa arobaini na mbili," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kopo lake, akaanza kumpimia mteja mchele.