Tulivyomposa Golikipa wa Bwegera

Tulipigwa bao moja kule Sange, na bao lile lilipita mikononi mwa mume wangu.

Yeye ndiye alikuwa golikipa wa ekipe yetu ya Kasenga, pale Uvira. Ilikuwa mechi ya mwisho, ile ya kuamua nani kati yetu watu wa ziwani na wao watu wa bondeni atapanda Bukavu kucheza na wakubwa. Sisi wake na dada za wachezaji tulikuwa tumepanda kamyo, lori la kubeba pamba, tangu alfajiri, tukiimba njia nzima, na shangazi ya mume wangu ndiye aliyetuanzishia nyimbo. Asubuhi mvua ilinyesha, mpira wa ngozi ukalowa ukawa mzito. Mume wangu aliudaka kwa viganja viwili. Nilimwona ameupata kabisa. Kisha ukateleza, ukaingia golini polepole kama mbuzi anayerudi zizini.

Lakini nilichorudi nacho kichwani siku ile si bao. Ni golikipa wao. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, miguu mitupu. Winga wetu wa kushoto alipiga shuti ambalo tulikwisha kulishangilia, vigelegele viko mdomoni. Yule kijana akaondoka chini. Sina neno lingine: aliondoka. Alilala hewani urefu wake wote, akauchukua mpira kwa mkono mmoja, akaukumbatia kifuani kabla mwili wake haujagusa majani. Uwanja ukanyamaza, wao na sisi. Hata padri aliyekuwa mwamuzi alibaki na filimbi mdomoni, hapulizi.

Shangazi alinishika mkono. "Mtoto, umeona?"

Nilikuwa bado natazama golini.

Tukiwa ndani ya kamyo kurudi nyumbani, maneno yalianza kabla hatujafika Kiliba. Kila mtu amekuwa mwalimu wa mpira. Mmoja anasema winga wa kushoto tangu aoe ameanza kunenepa. Mwingine anasema beki wetu anahamia Albertville kutafuta kazi ya reli, nani atashika nafasi yake? Wa tatu anataka mtu wa katikati mwenye mapafu. Walizunguka uwanja wote kwa midomo yao, ila golini hakuna aliyefika, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameketi palepale, mgongo umeegemea ubao, mimi pembeni yake na mtoto wetu mgongoni. Ule ukimya wao uliniuma kuliko matusi.

Mwishoni mume wangu akasema mwenyewe.

"Mbona hamutaji golikipa? Winga iko. Beki tutapata. Tunakosa golikipa. Muende mumulete yule kijana."

"Weye una hasira tu," mwenzake akamwambia.

"Sina hasira. Ninyi mulimuona kutoka pembeni. Minye nilikuwa namutazama uso kwa uso, goli kwa goli, mechi yote. Sijaona muntu wa namna ile. Nikisimama pale mbele wakati yeye iko, nitakuwa ninawaibia."

Mimi nilikasirika. Golini ndipo jina lake lilipotoka. Kwa ajili ya lile goli watu walimsalimu kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi nilipewa nafasi ya kwanza kisimani. Sasa anatoa vyote kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu.

Shangazi ndiye aliyemjibu mume wangu. "Kijana wa watu haokotwi barabarani," akasema. "Ana mama. Tutakwenda kumposa."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu filimbi ya mwisho. Shangazi hakuwa anacheka.

Tuliuliza, tukaambiwa mama yake anakaa Bwegera, mjane, analima mpunga. Tukaenda, shangazi na mimi, mtoto mgongoni, tumebeba kibuyu cha pombe ya ndizi na kapu la ndakala, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa. Tulimkuta anapepeta. Alitukaribisha kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, akatutandikia mkeka. Shangazi akakohoa, akaanza kama wanavyoanza wazee wa posa.

"Mama, tumepita hapa njiani, tumeona ng'ombe mzuri katika zizi lenu. Tumekuja kumuomba."

Yule mama akatutazama kwa huruma. "Mumepotea njia. Minye sina binti. Nilizaa wavulana tu."

"Ni muvulana tunayemutaka."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Tukamweleza. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. "Mpira wake ninaujua kwa nguo alizochana," akasema. Kisha akauliza, "Na kule kwenu, ni nani anasimama golini?"

Shangazi akanigeukia. Nikasema, "Ni mume wangu, mama."

"Na weye ndiye umekuja?"

"Yeye ndiye ametutuma."

Kisha akanyoosha mikono, akamtoa mtoto mgongoni mwangu, akampakata, akimwangalia usoni kama anayetafuta sura ya baba yake.

"Atakuja akimaliza kuvuna," akasema. "Lakini hatalala kwa wakubwa wa ekipe. Atalala kwa huyo mwanaume."

Basi alikuja na mkeka wake, akaishi kwetu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, alikula kidogo, alinichotea maji bila kuombwa. Kila jioni mume wangu alimchukua uwanjani akampigia mipira ya chini, kwa kuwa aligundua kwamba kijana anapenda ya juu. Mimi nilingoja uchungu umjie mume wangu. Nilimchungulia akila, akinawa, akifunga viatu vyake vya kazi. Haukuja. Alirudi kutoka uwanjani anasimulia kwa mikono, sahani ya ugali inapoa mbele yake.

Mwaka uliofuata tulifika tena mechi ya mwisho, na wale wale wa bondeni, safari hii kwetu Uvira. Mama yake alishuka kutoka Bwegera, akaketi kati yangu na shangazi, mikono mapajani. Alitutazama tukiimba kana kwamba yeye yuko katika kanisa la watu wengine.

Kipindi cha pili mtu wao alibaki peke yake mbele ya goli. Alipiga juu, pembeni kabisa. Kijana akaondoka chini.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimemwona mara nyingi, na bado mwili ulinisisimka. Yule mama hakupiga makofi wala kelele. Alisimama taratibu, mkono mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu nimemuzaa minye?"

"Ni weye, mama," shangazi akamwambia.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya goli. Alikuja mbio upande wetu, mikono kichwani, machozi yanamtoka, anacheka. "Mumeona? Ile ningefungwa! Hata siku za nguvu zangu zote, ningefungwa!" Alilisema kama mtu anayetangaza kwamba mtoto amezaliwa.

Bao letu lilipatikana baadaye, nalo ndilo lililotupeleka Bukavu. Sikumbuki aliyelifunga. Nilikuwa namtazama mume wangu.