Mikono Iliyoinuka Kidato cha Pili

Kazi ya kulea mioyo ya vijana aliipata kwa kukosa kikao. Siku hiyo mwalimu wa jiografia alikuwa amempeleka mama yake kung'olewa jino, na kama mjuavyo, kwenye vikao vya walimu asiyekuwepo ndiye anayejitolea. Aliporudi akakuta ameshapangiwa semina ya wiki nzima: afya ya akili ya vijana mashuleni, na akitoka huko awafundishe wanafunzi. Wenzake wakamtania kwamba sasa shule imepata fundi wa vichwa. Akacheka nao, akaenda shingo upande.

Alirudi mtu mwingine. Sijui walimfanya nini huko, lakini mama huyu ambaye miaka yote alikuwa akiingia darasani, anachora mito na milima, anatoka zake, alianza kuwatazama watoto usoni. Aliyesinzia hakumrushia chaki tena, alimwuliza kulikoni nyumbani. Akaomba chumba, akapewa stoo ya ramani na mipira. Akaweka viti viwili, akafuta vumbi mwenyewe. Ndipo akaanza masomo yake na kidato cha pili, kipindi kimoja kila wiki: huzuni ni nini, hofu ni nini, mwenzako akijitenga umfanyeje, ukizidiwa umwendee nani. Watoto walimsikiliza kwa namna ambayo mito na milima haikuwahi kusikilizwa.

Kulikuwa na zoezi moja alilotoka nalo semina. Unawaambia darasa zima wafumbe macho na kuinamisha vichwa, halafu unauliza taratibu: nani anajiona hana thamani, nani anaona bora asingekuwepo. Aliye hivyo anainua mkono. Hakuna amwonaye isipokuwa mwalimu.

"Kinachotokea humu kinabaki humu," aliwaahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote, maskini. Watoto wakafumba macho. Mikono ikainuka, mingi kuliko alivyotarajia.

Mkono mmoja ulikuwa wa binti wa fundi cherehani, yule anayeshona sare za shule nzima. Mtoto mpole, madaftari safi, hajawahi kugombezwa na mtu. Siku ya pili alikuja mwenyewe stoo, akakaa katikati ya ramani na mipira, akawa anavuta uzi kwenye ukosi wa shati lake.

"Mwalimu, mimi nikilala naomba kusikuche," alisema. "Tangu mama afariki. Baba siwezi kumwambia. Anajiua kwa kazi kwa ajili yangu, ataona sina shukrani."

Mwalimu hakumpa mahubiri. Alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia, kisha akamwuliza kama amewahi kupanga kujidhuru. Binti akasema bado. Hilo "bado" lilimwingia mwalimu mwilini likakaa. Wakakubaliana kwamba Alhamisi wangekwenda wote wawili kwa muuguzi wa hospitalini anayeshughulika na vijana, na baadaye mwalimu angemsaidia kuzungumza na baba. Binti akalia, akapenga kamasi, akauliza mara mbili kama kweli Alhamisi wataenda. Kweli, mwanangu. Mwalimu alitoka stoo mwepesi, maana mtoto alikuwa amekubali kushikwa mkono, na huko kukubali ndiko kunakowashinda wengi.

Sasa, wakati ule darasa zima limefumba macho, dirisha lilikuwa wazi. Na nje ya dirisha alikuwa anapita makamu wa mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Filimbi kwa sababu hakuivua shingoni hata akinywa chai. Alisimama, akalisikia swali, akachungulia, akawashika kichwani wote walioinua mikono. Niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya tungemlaani yakaisha. Alishtuka. Aliona watoto wa watu wako hatarini na mlezi wao ni yeye, na kitu pekee alichojua kukifanya maishani mwake, likimfika lolote, ni kuwapanga watu mistari.

Jumatano asubuhi akawapanga. Shule nzima ikiwa uwanjani, akawaita mbele wale wa mikono kwa kuwanyooshea kidole: wewe, na wewe, na wewe wa nyuma. Kisha kwa sauti ya upole kabisa akaitangazia shule kwamba hawa ndugu zetu wana matatizo ya akili, tusiwacheke, tuwapende, tuwaangalie kwa karibu. Shule ikawaangalia kwa karibu. Mmoja akacheka huko nyuma, na wengine wakamfuata.

Mwalimu wa jiografia alikuwa kwenye mstari wa walimu. Alimwona binti wa fundi akitazama viatu vyake, halafu akiinua macho kumtafuta yeye. Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika.

"Umefanya nini?" alimwuliza makamu ofisini.

"Nimewasaidia. Au ulitaka tungoje mpaka tuzike?"

Hofu ilikuwa ileile moja, yake na ya Filimbi.

Akawafuata watoto mmoja mmoja. Wote walikuwa na jibu moja, sijui walikula njama au hofu ina akili zake: mimi sikuinua mkono, mwalimu, nilikuwa najikuna kichwa. Darasa zima lilikuwa limeshikwa na muwasho. Binti wa fundi naye alisema hivyohivyo, kwa adabu, mikono nyuma. Alhamisi mwalimu alimngoja getini mpaka muuguzi akapiga simu kuuliza kama bado wanakuja. Ijumaa fundi akaja kumwondoa mwanawe shuleni, akasema hakumzaa kichaa, akaondoka na madaftari yote kwapani.

Jumamosi mwalimu alijikaza akaenda kwao. Fundi alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, binti pembeni anapiga pasi sketi za shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kabisa." Akatabasamu. Tabasamu zuri, limekaa sawasawa usoni, na ndilo lililomtia mwalimu baridi, maana semina iliwaonya juu ya mtoto anayekuwa mzima ghafla, kwamba huenda ameshakata shauri. Akamgeukia baba.

"Baba, nakuomba, usimwache peke yake. Twende naye hospitali hata leo. Muuguzi anasema kwa kuwa umemwondoa shuleni, bila wewe kukubali hawezi kufanya kitu."

Fundi hakusimamisha cherehani. "Humwoni anacheka? Mwanangu alianza kuumwa siku ulipomfundisha kuumwa. Umeshatusaidia, mwalimu, inatosha." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, akamwambia binti, "Msindikize mwalimu wako."

Walitembea mpaka barabarani. Pale mwalimu akasimama, akamwuliza waziwazi bila kuzunguka.

"Bado unaomba kusikuche?"

"Nimepona, mwalimu."

"Mimi sikumwambia mtu, mwanangu. Haki ya Mungu."

"Najua hukumwambia mtu," binti alisema, tabasamu liko palepale. "Ila wewe ndiye uliyeniambia niinue mkono."

Wiki nzima ile ya semina, hakuna aliyemfundisha la kujibu hapo. Binti akamtakia afike salama, akarudi ndani kumalizia sketi.