Maua Niliyosingiziwa Kuyachuma

Mume wangu alirudi kutoka Mombasa na mche ndani ya kopo la maziwa, akaupanda uani kwetu Langoni, karibu na kisima. Mimi mzaliwa wa Chundwa, mtoto wa mashamba. Kuuona tu nikajua ni jamaa ya kongwa, lile jani tunalong'oa kwenye mahindi. Huu ulisimama wima, na maua yake zambarau, lakini kongwa ni kongwa.

"Hili ni ua la bustani," akasema. "Likishika halifi. Wewe litie maji tu."

Nikalitia. Liliponyauka kwa jua la kaskazi nikalikata mpaka chini, mvua zikaja likachipua upya. Likaanza kutoa maua kila asubuhi, yanafunguka kabla sijamaliza kufagia. Ikifika adhuhuri yamejikunja, ukiyashika ni ute kama wa bamia.

Sasa huyo bwana alfajiri yuko msikitini, akitoka huko ni karakanani kuchonga milango, na kurudi ni baada ya alasiri. Anakuta majani matupu.

"Bi, nani kachuma maua yangu?"

"Hakuna. Yamefunga."

"Yamefunga! Kwani maua ni duka?"

Basi ikawa wimbo wa kila siku. Nikamwapia, akaniambia nisimtaje Mungu kwa ajili ya jani. Hayo ningeyameza. Lakini alikwenda kwa mamake akamwambia, "Mke akisema urongo kwa ua, atasema kweli kwa lipi?" Tangu hapo mama mkwe kila nikimwamkia ananitikisia kichwa. Nimeolewa kwa heshima yangu, leo nimekuwa mrongo kwa sababu ya kongwa!

Asubuhi moja alirudi mbio kuchukua patasi aliyoisahau. Nikatia komeo mlangoni, nikasimama hapo.

"Bi, nna kazi!"

"Kazi itangoja. Nenda kisimani utizame."

Akaenda. Yalikuwa yamejaa. Akainama, akayagusa kwa kidole kimoja.

"Kumbe," akasema.

"Hiyo kumbe kamwambie mamako."

Alimwambia, na kesho yake jua halijatoka akamleta, na dada zake mama wote, waje waone ajabu ya Mombasa. Wakatandikiwa mkeka kisimani.

"Bi, kahawa! Na mahamri kama yako!"

Nikakanda, nikachoma, moshi machoni. Mama mkwe, hamri mdomoni, akawaambia dada zake, "Mimi nalijua zamani. Mkaza mwanangu hasemi urongo."

Nikarudi jikoni. Mafuta yalikuwa yanaungua.